Muziki wa mwanga, na kile kidude kinachopiga kelele chumbani kwangu

Najua nimepotea kidogo, TP iko mlangoni na maandalio ya masomo yananila usiku kucha. Leo nawaletea historia, kwa sababu tangu nianze kuunda kile kidude kinacholia ukipitisha mkono juu yake, kila anayeingia chumbani ana maelezo yake. Mmoja kasema ni sumaku. Mwingine kasema ni theremini, aliiona kwenye video. Kuna na mmoja wa sheria (tumsamehe bure) anaamini ni king'ora cha kukamatia wezi wa laptop.

Sumaku hamna, labda ile iliyo ndani ya spika. Theremini nayo siyo, nitaeleza kwa nini. Kidude hiki kinasikia mwanga. Na habari ya watu kutafuta muziki kwenye mwanga ni ndefu, ina jela ndani yake, ina ujasusi, na mahali fulani inapita hata Unyamwezi. Kaeni mkao wa kula.

Tuanze mwaka 1873, Uingereza. Kulikuwa na fundi umeme anaitwa Willoughby Smith, kazi yake nyaya za telegrafu zinazolazwa chini ya bahari. Ili aupime waya wakati unashushwa majini alihitaji kitu chenye ukinzani mkubwa sana, akachagua vijiti vya seleni. Vijiti vikamsumbua. Leo vinatoa jibu hili, kesho lile. Yeye na msaidizi wake Joseph May wakaja kugundua kwamba tatizo ni kifuniko cha sanduku! Kikifunguliwa, mwanga ukaingia, ukinzani unashuka. Kikifungwa, unapanda. Smith akaandika barua, ikatoka kwenye jarida la Nature mwezi Februari 1873, na kuanzia hapo dunia ikajua kuna kitu ambacho mwanga unakifungulia njia ya umeme kama mtu anayefungua bomba. Kwa wale wa somo la historia: miaka sita baadaye, 1879, waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar ukitokea Aden. Kwa hiyo kazi iliyozaa ugunduzi ule ni kazi ileile iliyotuunganisha sisi na dunia.

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell, yule wa simu, pamoja na mwenzake Charles Sumner Tainter, wakaichukua seleni wakaifanya sikio. Unaongea nyuma ya kioo chembamba, kioo kinatetemeka, miale ya jua inayorudi kutoka kwenye kile kioo inatetemeka nayo, na upande wa pili seleni inaugeuza mtetemo ule kuwa umeme, halafu sauti. Jijini Washington walifika umbali wa mita 213. Bila waya! Bell mwenyewe aliihesabu hii kuwa kubwa kuliko simu. Dunia ikamwambia asante mzee, sisi tunachukua simu.

Halafu sinema zikaanza kuongea. Miaka ya 1920 mafundi waliweza kuichapa sauti pembeni ya mkanda wa filamu kama mchoro, taa inapita kwenye mchoro, fotoseli inasoma. Kwa watu wa kawaida huo ulikuwa ufundi wa sinema tu. Lakini wapo waliouangalia ule mchoro wakajiuliza swali la kitoto: kama sauti ni mchoro, si naweza kuuchora mwenyewe bila mtu yeyote kupiga ala? Mnamo 1930 Arseny Avraamov kule Moscow na Evgeny Sholpo kule Leningrad walikuwa tayari wanaufanya huo mchezo, na muda si mrefu Oskar Fischinger akaufanya Ujerumani. Sholpo ndiye ninayempenda. Alikata diski za karatasi zenye meno meno pembeni, akazizungusha mbele ya taa, kivuli cha meno yale ndiyo ikawa sauti. Karatasi na mkasi, jamani.

Sasa tuje kwa hao wawili ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha habari yote.

Wa kwanza ni Lev Termen, Mrusi aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1896, Wamarekani wakamwita Leon Theremin. Mwaka 1920 alitengeneza ala inayopigwa bila kuguswa, na 1922 akamwonyesha Lenin. Hiyo ndiyo theremini, na haina habari na mwanga. Ndani yake kuna vitetemeshi viwili vya umeme, na mkono wako ukisogelea antena unakuwa kama bamba moja la kapasita, mtetemo mmoja unabadilika, na tofauti kati ya ile miwili ndiyo unayoisikia. Theremini ukiipiga gizani italia vizuri tu. Changu gizani kinanguruma kama tumbo la mwanafunzi kabla ya bumu kutoka.

Wa pili ni Henry Cowell, mtunzi wa California. Kwenye kitabu chake cha 1930 alitoa hoja ambayo mimi niliisoma mara tatu ndipo ikaniingia: mapigo na sauti ni kitu kimoja, tofauti ni kasi tu. Ukipata mapigo mawili dhidi ya matatu, ukayaharakisha mara mia na zaidi, sikio linaacha kuhesabu mapigo na linaanza kusikia noti mbili, na uhusiano wa noti hizo ni uleule wa 2 kwa 3. Cowell akataka mashine ya kuthibitisha. Mwaka 1931 akamwendea Termen, wakati huo anaishi New York, akamwagiza amtengenezee. Ikatoka Rhythmicon, ikaonyeshwa kwa watu New York mwezi Januari 1932. Ndani mna diski zenye matundu zinazozunguka, taa upande mmoja na fotoseli upande wa pili. Kila tundu likipita mbele ya taa, fotoseli inapata mmweko mmoja. Bonyeza kitufe cha kwanza, unapata pigo moja kwa mzunguko. Cha pili, mawili, na sauti inapanda. Cha tatu, matatu. Hivyo hivyo hadi kumi na sita, na ukivishikilia vyote kwa pamoja unapata fujo yenye hesabu kamili. Kuna na kitufe cha 17 cha kuvurugavuruga mapigo.

Wengine huiita mashine ya kwanza ya ngoma. Na hapa ndipo Unyamwezi inapoingia. Mwaka huohuo wa 1931 Cowell alipata ufadhili akaenda Berlin kusoma kwa Erich von Hornbostel, aliyekuwa bingwa wa kulinganisha miziki ya dunia. Berlin kulikuwa na hazina ya mitungi ya nta iliyorekodiwa makoloni, na Hornbostel mwaka 1909 alikuwa ameshachapisha makala nzima kuhusu nyimbo za Wanyamwezi. Kipindi hicho nchi yetu iko chini ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vimekwisha juzi tu. Yaani babu zetu wanaimba kwenye pembe la fonografu, nta inasafirishwa Berlin, mzungu anaketi anaipima kwa hesabu.

Sisemi mashine ilitoka Unyamwezi, hapana, wazo la Cowell lilikuwa kichwani mwake miaka mingi kabla hajakwenda Berlin. Ninachosema ni kingine. Mapigo ambayo New York ilihitaji diski, taa na fotoseli ili kuyapiga sawasawa, mpiga ngoma wa kijijini kwetu anayapiga kwa mikono miwili huku anazungumza na mtu. Mbili kwa tatu kwetu ni mchezo wa watoto. Tukifundishwa fizikia ya mawimbi hakuna anayetuambia hivyo, tunakaririshwa tu fomula.

Nilitaka kulisikia hili kwa masikio yangu, nikalitengeneza. Diski ya kadibodi (boksi la biskuti), nikachora duara mbili, ya ndani nikatoboa matundu 6 kwa nafasi sawa, ya nje matundu 9. Nyuma ya diski nikaweka kipande cha sola cha taa mbovu, nikakifunika kwa karatasi nyeusi nikiacha mwanya mwembamba tu. Nyaya mbili kutoka kwenye sola zinaingia kwenye tundu la aux la spika ya rumeti wangu. Mbele nikasimamisha tochi. Basi. Ukiizungusha diski kwa kidole, mzunguko mmoja kwa sekunde tatu hivi, unasikia tik tik za 2 kwa 3, kila sekunde, safi kabisa, mtu anaweza kuichezea. Ukiifunga diski kwenye mota ya redio kaseti ikazunguka kama mara 40 kwa sekunde, matundu 6 yanakupa mitetemo 240 na matundu 9 yanakupa 360. Kwaya wote mnajua hiyo ni nini: do na so. Diski ileile! Ukipunguza umeme wa mota, zote mbili zinashuka pamoja na bado ni do na so. Ukiendelea kupunguza, noti zinapasuka na kurudi kuwa ngoma. Nilikaa pale saa nzima nikipandisha na kushusha.

Mnajua wale wawili waliishia wapi? Cowell alitunga kazi ya Rhythmicon na okestra mwaka 1931, na ikapigwa mara ya kwanza 1971, kwa msaada wa kompyuta, yeye kafa tangu 1965. Katikati hapo alikaa gereza la San Quentin toka 1936 hadi 1940 kwa kesi ya maisha yake binafsi, na 1942 gavana wa California akamsamehe. Termen mwaka 1938 alimuoa Lavinia Williams, mcheza dansi Mmarekani mweusi, ndoa iliyomfungia milango mingi New York ya wakati ule, na mwaka huohuo akarudi Urusi bila mke. 1939 akakamatwa, akapelekwa Kolyma, baadaye akahamishiwa kwenye magereza ambayo wafungwa wake ni wanasayansi. Huko alitengeneza kinasa sauti kisichotumia betri wala waya, kikafichwa ndani ya nembo ya mbao ya Marekani, na 1945 watoto wa Kisovieti wakaikabidhi kwa balozi wa Marekani kama zawadi. Ilining'inia ukutani kwa balozi miaka saba, hadi 1952. Mtu aliyefundisha umeme kuimba akapewa kazi ya kuufundisha kupiga umbea. Alifariki Moscow mwaka 1993, akiwa na miaka 97.

Hao wengine nitawapitia kwa ufupi, isipokuwa mama mmoja.

Kulikuwa na Evgeny Murzin, mhandisi wa mambo ya kijeshi hukohuko Urusi, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1930 na kumaliza mwishoni mwa miaka ya 1950 mashine inayoitwa ANS, kwa heshima ya mtunzi Alexander Nikolayevich Scriabin. Unapaka kioo rangi nyeusi isiyokauka, unakwangua mistari, mwanga unapenya palipokwanguliwa, na kila urefu wa kioo una noti yake: noti 720 kwa jumla. Zile sauti za ajabu za filamu ya Solaris ya 1972 zilitoka humo. Iko moja tu duniani, jumba la makumbusho, Moscow.

Huyo mama ni Daphne Oram. Aliingia BBC mwaka 1943 akiwa msichana wa miaka 17 au 18 hivi, wanaume wako vitani. Alipigania miaka mingi shirika liwe na studio ya sauti za umeme, ikafunguliwa 1958, na yeye mmoja wa waanzilishi. Mwaka 1959 akaacha kazi. Akahamia nyumba yake ya Kent, akaanza kuunda mashine yake nyumbani, kwa ruzuku ya taasisi ya Gulbenkian na kazi za matangazo ya biashara. Oramics, ndivyo alivyoiita. Mikanda kumi ya filamu ya milimita 35 inapita sambamba juu ya fotoseli, naye anaichora kwa rangi nyeusi: mkanda huu unaamua noti, huu ukubwa wa sauti, huu mwangwi. Umbo la wimbi lenyewe alilichora kwenye vioo. Alifariki 2003, na mashine sasa iko jumba la makumbusho ya sayansi, London. Mimi kinachoniuma ni kwamba wenzake waliobaki ofisini walipata sifa kwa vipindi vya televisheni, yeye aliyechora muziki wake peke yake nyumbani akakumbukwa akiwa ameshazikwa.

Jambo hilohilo lipo kwenye kinubi cha leza. Ukiuliza watu watasema Jean-Michel Jarre. Kweli Jarre ndiye aliyekifanya kijulikane: alikipiga China mwaka 1981, na albamu ya ziara ile, ya 1982, ina kipande chenye jina la kinubi chenyewe. Mwaka 1986 akakipiga Houston mbele ya umati uliokadiriwa zaidi ya milioni moja, glavu mkononi, miwani usoni kwa sababu leza siyo mchezo. Lakini fundi mwenzake Mfaransa, Bernard Szajner, ndiye aliyekuwa mbele kuibuni na kuionyesha ala hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jinsi inavyofanya kazi: leza moja, kioo kinachochezeshwa haraka sana hadi mwale mmoja uonekane kama nyuzi nyingi. Mkono ukikata uzi, mwanga unarudi chini kwenye fotoseli, na mashine inajua ni uzi gani kwa kuangalia ni wakati gani mwanga umerudi.

Haya, na kidude changu? Hakina leza. Kina rezista ya mwanga, ndugu ya seleni ya Willoughby Smith ila imetengenezwa kwa kadimiamu na salfa, na chipu ya 555. Hii chipu ilibuniwa 1971 na Mswisi Hans Camenzind akifanya kazi peke yake kwa mkataba na kampuni ya Signetics, na mpaka leo haijaondoka madukani, Kariakoo utaipata kwa bei ya chai na chapati. Kikinza cha ohmu 1,000, kapasita ya mikrofaradi 0.1, betri ya volti 9, spika ndogo yenye kapasita ya kuitangulia. Fomula ni 1.44 gawanya kwa (R1 + 2R2) zidisha C, na R2 ndiyo rezista ya mwanga. Nikiimulika tochi inashuka hadi ohmu 1,000 hivi: kelele ya mitetemo 4,800, mbwa wa jirani anakasirika. Kivuli cha mkono kikiileta ohmu 10,000: mitetemo 686, noti nzuri. Nikiifunika hadi 100,000: mitetemo 72, kile kinguruo. Mkono unaposogea, mwanafunzi anaisikia fomula.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Shule niliyopangiwa TP nimeshaenda kuiona. Darasa lina wanafunzi 74, mwalimu wa fizikia ni mmoja, maabara ina meza, sinki mbili na kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake ana mtu aliyehama. Mada yangu ya kwanza ni mawimbi. Andalio linasema nichore wimbi ubaoni, niandike maana ya mtetemo, watoto wanakili. Msimamizi akija na fomu yake atakuta ubao umejaa, vipengele vyote vimetimia, na nitapata alama zangu. Watoto je?

Nimeamua naingia na diski. Siyo na kidude cha 555, hicho kina sehemu nyingi za kuelezea na kipindi ni dakika 40. Diski ya kadibodi, tochi, kipande cha sola, spika. Kwanza nitamwita anayepiga ngoma ya shule apige mbili kwa tatu mezani, maana yupo tu, kila shule yupo. Halafu nitazungusha diski kwa kidole ipige kama yeye. Halafu mota. Nitanyamaza kwanza niwaache wabishane ngoma imekwenda wapi. Jina la Hezi nitaliandika baadaye.

Umeme ukikatika spika ina betri, hilo nimeshalipima, inakaa vipindi vinne. Kinachonikwamisha ni mota. Nataka vikundi vinne, kila kimoja na diski yake ili watoboe matundu wao wenyewe, 4 kwa 5, 3 kwa 4, wanavyotaka, na mpaka sasa nina mota moja. Kwa hiyo mwenye redio kaseti mbovu nyumbani, ya shangazi, ya bibi, iliyolala juu ya kabati, asiitupe. Aniletee kabla ya Ijumaa, chumba mnakijua, kile chenye kelele.